Bia hai za Kisiwa cha Man, na mbege ya mama

Kwetu Mamba, Kilimanjaro, anayekukaribisha mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ndiye anayetangulia kunywa. Anapiga funda moja, anafuta mdomo wa kata kwa kiganja, kisha anakukabidhi. Maana yake: ninachokupa nami nimekinywa, hamna ubaya ndani. Nimekua nikiona hivyo. Kwa hiyo siku niliyoingia baa ya kwanza Kisiwa cha Man, mhudumu akanimiminia bia kidogo kwenye kiglasi na kunisogezea nionje kabla sijanunua, mkono wangu ulisita. Nilikuwa namsubiri aanze yeye.

Kule anayeonja kwanza ni mgeni. Unaonja bure, na isipokupendeza unaomba kuonja nyingine, hakuna anayekununia. Desturi zimepishana, lakini chanzo chake ni kimoja. Pombe ambayo bado inachachuka inaweza kuharibika wakati wowote, na kila aliye upande huu au ule wa kaunta analijua hilo.

Ninaishi Preston, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Jirani zangu ni mzee mmoja aliyestaafu udereva wa basi, na mke wake. Wana mazoea ya kwenda Man kila Septemba. Mwaka huo mama yule alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa goti, wakaniomba nifuatane nao siku nne, nimsaidie kwenye ngazi na mizigo. Nauli juu yao.

"Na bia, unakunywa?" mzee aliniuliza.

Nikamwambia mimi ni mtoto wa mpika pombe. Ada yangu ya shule, kuanzia darasa la kwanza mpaka kidato cha nne, ilitoka kwenye pipa la mbege. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi wewe utaelewa."

Tulipanda meli Heysham, tukawa majini karibu saa nne. Kisiwa kiko katikati ya Bahari ya Ireland, kati ya Uingereza na Ireland, na ukubwa wake ni kama theluthi ya Unguja: kilomita za mraba 572, watu kama 84,000. Si sehemu ya Ufalme wa Muungano. Kina bunge lake, Tynwald, ambalo wenyewe wanalihesabia zaidi ya miaka 1,000, na kina fedha zake, hadi noti ya pauni moja ambayo Uingereza waliiacha zamani. Mzee alinitahadharisha nizitumie zote kabla ya kurudi, maana Preston dukani watazikataa.

Nieleze kwanza hiyo bia iliyotupeleka huko, kwa kuwa ndiyo kiini cha yote.

Bia nyingi tulizozoea, za chupa na za kegi, yaani pipa la chuma, zikishachachuka huchujwa, nyingi hupashwa moto ili hamira iliyobaki ife, kisha hutiwa gesi. Zinatoka kiwandani zimeshanyamaza. Ndiyo maana chupa inaweza kukaa dukani miezi na ladha ikabaki ile ile. Bia ambayo jirani yangu anaisafiria inatiwa kwenye pipa hamira ikiwa bado imo, pamoja na utamu kidogo wa kuila. Inaendelea kuchachuka humo humo pipani, inajitengenezea gesi yake, mpaka siku ya kunywewa. Haisukumwi na mtungi wa gesi. Mhudumu anaivuta kutoka ghala la chini kwa pampu ya mkono iliyosimama kaunta, mpini mrefu kama wa bomba la kisima, mvuto mmoja, wa pili, glasi imejaa. Waingereza wanaiita bia halisi. Mimi naiita bia hai, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Tanzania ukiagiza bia unaulizwa: baridi au moto? Moto maana yake haijapita kwenye friji. Hii haikuwa baridi wala moto. Inatunzwa kwenye nyuzi 11 hadi 13, ubaridi wa maji ya mtungi uliokaa kivulini. Kwenye ubaridi huo ulimi haugandi, unasikia kila kitu kilichomo. Nayo si kali. Bia ya kwanza niliyoichagua, Okell's Mild, ya kiwanda cha hapo hapo kisiwani, ni nyeusi lakini kilevi chake ni asilimia 3.4 tu, wakati Safari ya nyumbani ni 5.5. Ilinijia na ladha ya ukoko wa mkate, na nyuma yake ulezi uliokaangwa. Mzee alikunywa bita, ya asilimia 3.7, rangi ya asali mbichi. Nilipoonja yake nikasikia uchungu unabaki kooni baada ya kumeza, uchungu mkavu usiokera, na nikatamka neno ambalo hakuna aliyelielewa pale mezani: msesewe.

Msesewe ni mti. Magome yake ndiyo yanayoipa mbege uchungu. Bila msesewe, mbege ni uji mtamu wa ndizi, inachosha baada ya nusu kata. Mama alikuwa anayachemsha magome hayo pembeni, anaonja kwa ncha ya ulimi, anatia kidogo kidogo. Wazungu wana maua ya hopsi, mmea unaotambaa kama kweme, na kazi yake kwenye bia ni ile ile: kuukata utamu wa kimea, na kusaidia kinywaji kisiharibike upesi. Nilimchorea mzee mambo yote kwenye karatasi ya mezani. Wao shayiri iliyooteshwa na kukaushwa, sisi ulezi uliooteshwa na kuanikwa. Wao wanailoweka kwenye maji ya moto wapate yale maji matamu, ambayo kwetu tungeyaita togwa. Sisi tunaupika ulezi uji, huku ndizi mbivu zilizochemshwa mpaka kuwa nyekundu zikichachuka siku kadhaa peke yake. Jioni tunachuja, tunachanganya, kesho yake watu wanakunywa. Aliikunja ile karatasi akaiweka ndani ya daftari lake, ambamo ameandika kila bia aliyowahi kuonja tangu ujana.

Yeye ni mwanachama wa miaka mingi wa CAMRA, chama cha kuitetea bia halisi. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1971 na vijana wanne Waingereza wakiwa likizoni Ireland, ndani ya baa moja ya kijiji cha Dunquin. Wakati huo viwanda vikubwa vilikuwa vinaiacha bia ya pipa na kuleta ya kegi, ambayo haihitaji mtunzaji. Wale vijana waliona kinywaji cha babu zao kinapotea mbele ya macho yao, wakaanza kuandika, kupiga kelele, na kuorodhesha baa ambazo bado zinaitunza vizuri. Leo ni chama kikubwa sana. Ninapofikiria kwamba kilianzia kwenye meza ya watu wanne waliopenda pombe ya kwao, huwa nafikiri juu ya vilabu vyetu vya mbege, vya ulanzi Iringa, vya rubisi Bukoba, na ni nani ameketi meza ipi.

Siku ya pili tulipanda treni ya mvuke kutoka Douglas, mji mkuu, kwenda Port Erin, kusini. Ni reli nyembamba ya kilomita kama 25, mabehewa ya mbao, moshi wa makaa unaingia dirishani mtu anafunga haraka. Mzee akaniambia niukariri mwaka 1874. Reli hii ilifika Port Erin mwaka huo. Mwaka huo huo daktari mmoja wa upasuaji, William Okell, aliyetoka Cheshire na kuanza kupika bia kisiwani mwaka 1850, alijenga kiwanda kipya cha kuendeshwa kwa mvuke pale Douglas. Na mwaka huo huo Tynwald ilipitisha sheria ya bia safi, ambayo Okell mwenyewe aliipigania.

Sheria yenyewe ilisema mpishi wa bia asitumie kitu chochote badala ya kimea, sukari na hopsi, wala asikutwe navyo. Kisha ilivitaja kwa majina vitu vilivyopigwa marufuku, na orodha hiyo ilinisisimua mwili. Imo kasumba. Imo pilipili ya Guinea, ya kuwasha koo ili mnywaji adhani pombe ni kali. Imo nux vomica, mbegu ambazo ndani yake mna sumu ya strikinini. Na imo kokulasi indikasi, tunda ambalo watu wa Asia wanalitumia kuwalevya samaki majini, kama wavuvi wetu walivyokuwa wakitumia utupa. Mtu hatungi sheria ya kukataza jambo ambalo halifanyiki. Watu walikuwa wanalewesha bia iliyotiwa maji kwa sumu ya samaki.

Sisi tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tunalisema kwa mambo yote siku hizi, hata kwa wacheza mpira, lakini lilianza kwa pombe, na pale kwenye behewa nililisikia kwa uzito wake wa kwanza. Sheria hiyo baadaye ililegezwa ili bia za aina nyingine ziweze kupikwa, lakini watu wa kule bado wanaizungumzia kama watu wanavyozungumzia heshima ya nyumba yao.

Nilimkumbuka mama mwaka ule ndizi zilipoadimika. Wapika pombe wengine wa mtaani kwetu walianza kuongeza sukari ya dukani na hamira ya mkate ili ichemke haraka na iwahi kulevya. Bei ikashuka, wateja wakahamia huko. Mama alikataa. Alipika mara moja kwa wiki badala ya tatu, na muhula ule nilirudishwa nyumbani mara mbili kwa ajili ya ada. Nilimkasirikia sana. Nilimwambia mbona anatia ugumu, wanywaji hawajui tofauti. Alinijibu huku anakoroga, hakunitazama: "Wao hawajui. Mimi najua." Nilikuwa na miaka 13. Imenichukua zaidi ya miaka 20 na treni ya mvuke ya Wazungu kuyasikia maneno yale vizuri.

Tulishuka Castletown. Hatua chache tu kutoka kituoni kuna baa inayoitwa The Sidings, na kaunta yake imepangwa pampu nyingi kuliko nilizowahi kuona mahali pamoja. Katikati ya mji mdogo ule imesimama ngome ya Castle Rushen, ya mawe ya chokaa, ya karne za kati, na tuliipitia, lakini sitajifanya kwamba ndiyo niliyoikumbuka usiku. Nilichokikumbuka ni utulivu wa ile baa. Hakuna muziki mkubwa. Watu wamekaa na mbwa wao miguuni, wanazungumza na wasiowajua. Niliagiza nusu painti, mililita 284, kwa sababu mama yule wa goti alinielekeza mapema: unapozunguka baa nyingi kunywa nusu nusu, anza na nyepesi, nzito ziwe mwisho, na katikati kula. Wanaume nao walikuwa wanaagiza nusu bila aibu. Kwetu mwanaume akiagiza nusu kata atatazamwa.

Kisiwani humo kuna mpishi mwingine, Bushy's, aliyeanza miaka ya 1980 pale Douglas na sasa yuko nje ya mji, upande wa Braddan. Okell's nao walihama mjini miaka ya 1990 kwenda Kewaigue. Nilionja za wote wawili, na ile Ruby Mild ya Bushy's, nyekundu iliyoiva, niliirudia kila tulipoikuta. Lakini niseme ukweli, jambo kubwa la safari hii sikulipata kwenye glasi. Nililipata chini ya sakafu.

Ilikuwa baa moja kusini mwa kisiwa, karibu na bandari. Mwenye baa ni mwanamke wa makamo, mikono imekomaa. Mzee alimwambia kuwa mimi ni binti wa mpika pombe kutoka Kilimanjaro, naye hakuuliza swali hata moja, akafungua mlango mdogo nyuma ya kaunta na kuniambia nishike ukuta, ngazi ni kali.

Harufu ndiyo ilinipokea kwanza. Hamira, mbao mbichi, maji ya sakafu iliyotoka kusuguliwa. Ningefumbwa macho ningesema niko kibandani kwa mama, nyuma ya migomba. Mapipa yalikuwa yamelazwa kwenye vitanda vyao vya mbao, kila moja la lita 41 hivi, painti 72 kwa hesabu yao. Akanionyesha pipa lililoletwa siku mbili kabla. Ukishalilaza, alisema, humsogezi tena mtoto huyu, maana machicha yanatulia tumboni na ukilitikisa yanapanda, bia inakuwa tope. Kiwandani wanatia dawa ya kuyavuta machicha chini, na dawa hiyo ya asili inatokana na bondo la samaki. Nikamwambia kwetu Mwanza mabondo yanauzwa bei ya kutisha. Alicheka, akasema haya ndiyo mazungumzo aliyokuwa akiyataka siku nyingi.

Kisha akachukua kijiti chembamba, urefu wa kidole, na nyundo. Juu ya tumbo la pipa kuna tundu lenye kizibo cha mbao. Akakigonga kile kijiti kikapenya katikati ya kizibo. Kikatoa sauti, sssss, na povu jeupe likachungulia pembeni likiwa na vipovu vidogo kama macho ya dagaa. Hicho ni kijiti laini, alinieleza, kina matundu madogo yanayopitisha hewa. Pipa linapumua kupitia hapo, gesi iliyozidi inatoka. Likishatulia, unakichomoa unaweka kijiti kigumu, kisichopitisha, ili gesi iliyobaki isikimbie. Ukikosea saa, bia inakuwa ya kuchemka kama soda au inalala kama maji. Hakuna saa ya ukutani inayokuambia. Aliinama akalaza sikio lake juu ya pipa.

Hapo ndipo nilipolazimika kushika ukuta kwa sababu nyingine.

Mama yangu alikuwa akifanya hivyo hivyo. Alfajiri, kanga mabegani, anainama kwenye pipa la bluu, anaweka sikio, anasikiliza. Mbege ikiwa tayari ina mlio wake, mlio wa mvua nyepesi juu ya majani ya mgomba. Sisi watoto tulimwona kama anazungumza nalo. Sikuwahi kumwona mtu mwingine yeyote duniani akifanya tendo lile, mpaka kwenye ghala lile la chini.

"Kiwanda kinaniletea bia ambayo haijaisha," yule mwenye baa alisema alipoinuka. "Mimi ndiye ninayeimalizia. Nikizembea, jina litakaloharibika ni la mpishi." Pipa likianza kuuzwa, hewa inaingia kila painti inapotoka, na ana siku tatu hivi kabla ladha haijaanza kwenda. Kwa hiyo hafungui mapipa mengi kuliko wanywaji alionao. Mabomba anayaosha kila wiki. Alinionyesha hata kitambaa cha kufutia koki, na tarehe alizoandika kwa chaki juu ya kila pipa.

Shuleni, nilipokuwa darasa la sita, mwalimu mmoja aliniamuru nihamie dawati la nyuma kwa sababu sweta langu linanuka kilabu. Darasa zima lilicheka. Tangu siku hiyo nilikuwa naacha sweta kwa jirani, navaa nikiwa njiani, ili lisiguse kibanda cha mama. Aliona, hakusema. Mle ndani ya ghala, mwanamke wa kizungu ananieleza kwa fahari namna anavyotunza pombe, na mzee aliyesafiri nusu siku kuinywa amesimama ngazini kwa adabu kama yuko kanisani, nililiona lile sweta mbele yangu. Rangi ya kijani, kiwiko kimetoboka.

Siku ya tatu nilijifunza upande wa pili. Katika baa nyingine nilipewa nusu ya bita, nikapiga funda: siki. Si uchungu wa hopsi, siki yenyewe, ya kukunja taya, na ndani ina ukungu. Nikanyamaza, nikaendelea kuinywa kidogo kidogo. Kwetu huwezi kumrudishia mtu pombe yake mbele za watu, ni kama kumwambia kwake kuna uchafu. Mke wa mzee aliutazama uso wangu, akainyanyua ile glasi, akainusa, akachechemea nayo mpaka kaunta. Nilidhani utazuka ugomvi. Mhudumu aliinusa naye, akaomba radhi, akamwaga yote, akanipa nyingine ya aina tofauti bila kudai chochote. Halafu akafanya jambo moja dogo. Kile kibao chenye jina la bia kilichobandikwa kwenye pampu, alikigeuza kikatazama ukutani, ili asije mwingine akaagiza. Pipa lile lilikuwa limefika mwisho wake.

Nikakumbuka kwamba mama naye aliwahi kumwaga pipa zima. Ilikuwa Jumamosi, siku ya soko, watu wameshakaa kwenye mabenchi wanasubiri. Alionja, akatema, akaliinamisha pipa lote kwenye mfereji wa migomba. Nilikuwa nimekwisha kuupigia hesabu mshahara wa pipa lile: daftari nne na viatu. Mabenchi yakatawanyika kwa manung'uniko. Jumamosi iliyofuata yalijaa.

Peel, upande wa magharibi, tulienda kwa basi na tulikaa saa chache. Ni mji wa wavuvi. Wanakausha samaki wa heringi kwa moshi wa mwaloni, na mtaa mzima unanukia. Tuliwala na mkate na siagi, na bia nyeusi pembeni, na sijui kama kuna chakula kilichowahi kunikaa vizuri zaidi katika nchi hizi za baridi. Hapo ndipo nilipomsikia mtu akinyanyua glasi na kusema slaynt vie, afya njema, kwa lugha yao ya Kimanx. Mzungumzaji wa mwisho aliyezaliwa nayo, Ned Maddrell, alifariki mwaka 1974. Tangu hapo watu wamekuwa wakijifunza upya kutoka kwenye kanda na vitabu, na pale St John's ipo shule ya msingi inayofundisha kwa Kimanx. Watoto wa dada yangu Dar es Salaam hawajui Kichagga zaidi ya salamu. Nilikaa na hilo njia nzima ya kurudi Douglas.

Usiku wa mwisho nilimpigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Baridi ya huko je?"

Nikamweleza yote, kuanzia hopsi mpaka lile sikio juu ya pipa. Alitaka kujua ni nani anapika, wanaume au wanawake. Nikamwambia siku hizi wengi ni wanaume, lakini zamani Uingereza pombe ilikuwa kazi ya wanawake majumbani, kabla ya viwanda. Akaitikia "enhe," kama mtu aliyesikia jambo alilolitegemea. Kisha nikamsomea orodha ya ile sheria ya 1874. Nilipofika kwenye tunda la kulevya samaki alinikatiza.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Utupa, kwenye pombe ya watu." Akakaa kimya muda mrefu, nikafikiri mtandao umekatika. "Hao walizaliwa na mama kweli?"

Desemba nilienda nyumbani, kama Wachagga wote wanavyorudi mlimani kwa Krismasi. Mama hapiki tena biashara, mgongo umekataa, lakini kwa sikukuu hapitwi. Nilimkuta kibandani. Nilikuwa nimembebea kitu kidogo nilichopewa na yule mwenye baa siku ya kuagana, nimekifunga kwenye leso: kijiti laini cha pipa, kipya. Alikigeuza geuza kwenye mwanga wa mlango, akakikwaruza kwa ukucha.

"Huu si mwanzi?"

Ulikuwa mwanzi kweli. Akakitia mdomoni akapuliza upande mmoja, huku ameweka kiganja upande wa pili. Akapuliza tena. Halafu akaniita nisogee, nami niweke mkono wangu pale, nisikie ile hewa inavyopita.